Imerogiwa na Mtu wa Karibu

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikinunua nyama namwambia muuzaji aondoe mkono kwenye mizani, na nikiletewa kitambaa dukani kwangu Ruiru nakipima upya, hata kama aliyekipima tunaimba naye kwaya moja. Nashona yunifomu za shule. Katika kazi hii mzazi atakuja akuambie sketi imefumuka kwa sababu ya uzi wako mbaya, kumbe ni yeye aliyeikata nyumbani kwa mkasi wa jikoni. Kwa hivyo ndugu yangu aliponipigia kuniambia kwamba yeye na mke wake wameamua mama anunuliwe aifoni, sikuuliza itakuwa ya rangi gani. Niliuliza, "Mmeamua mkiwa wangapi?"

Mama yetu anaishi Witeithie, katikati yetu, maana mimi niko Ruiru na ndugu yangu yuko Thika. Alitoka magharibi akiwa msichana, akaja kufanya kazi kwenye mashamba ya mananasi, akatuzaa sisi wawili huku. Baba alipofariki tulimzika nyumbani, na mama akarudi huku huku. Alikataa kuhamia kwa ndugu yangu na akakataa kuhamia kwangu. Alikodi chumba kwenye ploti moja karibu na barabara kuu, akasema hapo sote tutamfikia. Simu yake ilikuwa kabambe, ile ya tochi ambayo watu huiita mulika mwizi, hadi siku ilipomponyoka ikaingia kwenye beseni la nguo. Ikabidi tumtafutie nyingine. Safari hii iwe ya kuonana na wajukuu kwa video, na ya kupata matangazo ya akina mama wa kanisa.

Ndugu yangu na mke wake wote wana aifoni. "Mum akiwa kwa aifoni kama sisi, tutakuwa tunaona mahali ako," alisema. "Ako na miaka mingi sasa. Siku moja apotee je?"

"Mama hajawahi kupotea," nilimjibu. "Nyinyi mnataka kumchunga kama mbuzi wa Krismasi."

Mke wake ni mwenyeji wa upande huu, ana saluni ndogo Thika, na huongea polepole. Huniita senje, yaani shangazi, vile watoto wake wanavyoniita. Alichukua simu akasema, "Senje, aifoni haina shida nyingi. Na mtu hawezi kuingilia vitu zake."

"Mtu gani?" nilimuuliza.

Akamrudishia ndugu yangu simu. Kuirudisha kwake nikakuweka akiba kama ushahidi.

Mimi natumia androidi, kama nusu ya watu ninaowafahamu na zaidi. Nilitoa sababu zangu zote: chaja yake inapatikana hata kwa muuza mboga, fundi wake yuko kila kona, ikianguka mtu halii. Zote zilikuwa za kweli, na hata moja haikuwa sababu yenyewe. Sababu yenyewe niliijua. Kwa miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nikiambiwa habari za mama kwanza. Presha ikipanda, naambiwa. Akigombana na mwenye ploti, naambiwa kabla hata ugomvi haujaisha. Mwaka huo nilianza kuambiwa wa pili. Nikimuuliza kama amepata dawa, ananijibu, "Mke wa ndugu yako alishaniletea." Hilo neno "alishaniletea" lilikuwa likiniuma mchana kutwa nikiwa kwenye cherehani. Niliona wifi yangu ananichukulia mama, na kwamba aifoni ndiyo ingekuwa kamba.

Wahenga wamesema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Nami sikutaka nikute mama si wangu. Walikuwa wamepanga tukutane Jumapili tuzungumze. Ijumaa nikafunga duka mapema, nikanunua androidi mpya hapo Ruiru, na kufikia saa kumi nilikuwa Witeithie nimeketi kitandani kwa mama, boksi liko magotini.

Simu ikauliza akaunti. Mama hana imeili na hajawahi kuitaka. Nikaweka yangu. Nilijiambia ni kwa sababu ya haraka, kwamba nitamfungulia ya kwake siku nyingine. Uongo huo niliuamini kwa siku mbili. Siku ya tatu, nikiwa napiga pasi marinda dukani, picha zikaanza kuingia kwenye simu yangu. Kidole gumba cha mama. Mabati ya dari. Sufuria. Halafu miguu yake: kisigino, kisigino kingine, kisigino tena. Nikacheka, nikasema maskini mama hajui hata kushika simu. Ningeweza kuitoa akaunti yangu wakati huo huo. Badala yake nikatafuta mahali pa kuona ramani.

Nikaipata. Simu zangu zilikuwa mbili sasa, yangu na yake, na yake ilikuwa nukta ndogo Witeithie. Kila nikimaliza kushona mkono wa shati naitazama. Nukta imetulia, nami natulia. Lakini Alhamisi nikaiona Thika. Nikapiga simu.

"Mama, uko wapi?"

"Niko kwa nyumba tu, napepeta maharagwe."

Nilikuwa naitazama nukta yake Thika, mtaa wa pili kutoka sokoni, anaposema hivyo. Mama yangu, mwanamke anayetoa ushuhuda kanisani, alikuwa akinidanganya bila hata kukohoa. Alhamisi iliyofuata akaenda tena, na akanidanganya tena, mara hii alikuwa "amelala kidogo." Sikujiuliza mimi nilikuwa nikifanya nini. Nyani haoni kundule.

Jumapili nikiwa nakula kwake, ulimi ukateleza. Nikamuuliza, "Na Thika mvua ilikunyeshea Alhamisi?"

Mama aliacha kijiko kwenye sahani. Hakuniuliza nimejuaje. Aliitazama ile simu iliyokuwa dirishani ikichaji, kisha akaniongezea mboga.

Wiki hiyo, bila kumwambia mtu, aliipeleka kwa fundi wa simu Thika. Sikuwapo, lakini mama husimulia jambo kama anayesoma kutoka kwenye karatasi, na jioni ileile alikuja Ruiru mwenyewe kunisimulia. Fundi alikuwa mwanamume wa makamo, mwenyeji wa huko, mwenye adabu. Alimpa kiti, akaifungua simu, akapekua pekua, akatikisa kichwa.

"Cucu, hii simu imerogiwa," alimwambia, akimwita nyanya kwa lugha ya kwao.

"Imerogiwa?"

"Ee. Imerogiwa na mtu mwingine. Na si mtu wa mbari, ni mtu wa karibu na wewe. Huyo mtu anaona kira kitu. Hata saa hii anajua uko hapa kwangu."

"Mungu wangu. Nitamjuaje?"

"Huyo ni mtu arishika hii simu ikiwa mpya."

"Na anaweza kutolewa?"

"Atoke mwenyewe ndio poa, cucu. Mimi nikimtoa kwa nguvu, unaweza poteza vitu zako zote."

Mama alimshukuru, akachukua simu yake kwa ncha ya leso, akaondoka bila kuuliza zaidi.

Huku kwetu l na r hubadilishana viti na hakuna anayejali. Mtu atakuambia amepanda roli akanunua lula, nawe utajua ni lori na rula. Fundi alimaanisha kulogi, kuingia kwa imeili na paswadi, kitu anachokisema mara kumi kwa siku. Lakini kuroga ni kuroga. Kwa lugha ya fundi mchawi ni murogi, na kwa lugha ya mama ni mulogi. Yaani hata wangebadilisha lugha wote wawili, neno lingefika palepale.

"Nani alishika simu ikiwa mpya?" mama aliniuliza, ameketi kwenye benchi la wateja. Mwenyewe akajibu. "Wewe uliileta. Lakini wewe ni damu yangu. Yule alikuja kesho yake, akasema inahitaji kioo, akaenda nayo Thika, ikalala huko."

Ni kweli. Wifi yangu alikuwa ameichukua Jumamosi ile kuibandikia protekta, akairudisha Jumapili.

Nilielewa yote kabla mama hajamaliza. Nilipaswa kucheka, nimwambie mama huyo fundi anamaanisha imeili, na imeili yenyewe ni yangu, ngoja niitoe. Ni sentensi moja. Nilifungua kinywa niiseme, na kilichotoka ni hiki: "Mama, mimi nilikuwa nimeshuku."

Siwezi kusingizia mtu hapo. Nilisema mwenyewe, na nikasikia raha. Mama alinishika mkono kama siku zile za zamani, akanieleza mengine mengi, na nilipomsindikiza stejini nilikuwa wa kwanza tena.

Wiki tatu zilipita hivyo. Mama aliacha kwenda Thika. Alikwenda mara moja tu kwa mjukuu aliyekuwa mgonjwa, na hapo akakataa chai, akakataa hata maji. Sweta aliyonunuliwa na wifi aliirudisha ikiwa imekunjwa ndani ya karatasi. Ndugu yangu alinipigia simu kutoka kazini, nyuma yake mashine za kiwanda zikinguruma, akipiga kelele ili nimsikie.

"Mum ako na nini? Amekataa chakula kwa nyumba yangu!"

"Labda ni tumbo," nilimwambia.

Kisha wifi akaja. Ilikuwa Alhamisi, mchana, nami nilikuwa nakata kola. Hakuwa amewahi kuja dukani kwangu peke yake. Aliketi kwenye benchi lilelile, mkoba umebanwa kifuani, na nikaona amekonda.

"Senje, nimekosea wapi?"

"Kwani umeambiwa umekosea?"

"Watu wa kanisa ya mama wamenipita kwa barabara kama hawanioni. Mmoja amevuka upande ule mwingine." Alifuta uso kwa kiganja. "Nimejiuliza kama ni ile mambo ya Alhamisi. Alikataza nisikuambie."

Nikaweka mkasi chini.

Alhamisi saluni huwa haina watu. Mama alikuwa akienda kwake, anaketishwa kwenye kiti cha wateja, miguu inalowekwa kwenye maji ya moto na chumvi, kisha wifi anachuchumaa na kumsugua magaga kwa jiwe. Yale mashamba ya mananasi yalimpasua visigino mama tangu sisi tukiwa wadogo, na siku hizi soksi zilikuwa zikitoka na damu. Hakutaka niambiwe kwa sababu Krismasi nilimnunulia viatu vya wazi na hakuvivaa hata siku moja, nami nikanuna mwezi mzima. Alitaka kwanza visigino vipone, avivae, aje navyo Ruiru nimwone. Na kila mara alivipiga picha, hata akiwa nyumbani, ajue kama nyufa zinapungua.

"Vilikuwa vimeanza kufunga," wifi alisema. "Sasa ataanza upya."

Nilimwambia nitaongea na mama. Alipoondoka niliketi nikazifungua zile picha kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Nyufa zilikuwa zikipungua picha baada ya picha. Nilizitazama kwa aibu ambayo sijui niieleze vipi, na bado, wasomaji wangu, bado sikumpigia mama simu. Nilipanga kuitoa tu akaunti yangu kimyakimya. Kuna mahali unabonyeza neno moja na simu ile nyingine inaachiliwa. Ningebonyeza, fundi angeitazama tena, angesema haina mtu, na mambo yangekwisha bila mimi kutajwa.

Mama akanitangulia. Alinipigia jioni hiyo kuniambia akina mama wa kanisa watakuja Jumamosi kuiombea simu, na wifi ameitwa awepo. Mmoja wao alikuwa amesema mwenye kuhusika akiwa chumbani, kitu chake kitatoka chenyewe.

Nikakaa na simu mkononi nikipiga hesabu kama mwizi. Nikiitoa kabla ya Jumamosi, mama ataambiwa mchawi amesikia habari za maombi akakimbia, na aliyesikia ni wifi, kwa kuwa ameitwa. Nikiitoa wakati wa maombi, ataonekana amefukuzwa mbele ya macho ya watu. Nisipoitoa, fundi atasema bado yumo. Nilikuwa nimemfungia mke wa ndugu yangu kila mlango, na sikuwa nimeinua hata kidole.

Jumamosi tulijaa kwenye kile chumba. Akina mama watano, mama, mimi, na wifi karibu na mlango. Ndugu yangu alibaki nje ukutani, amekunja mikono. Simu ilikuwa juu ya kigoda, imetandikiwa kitambaa cha kushona, magari ya barabara kuu yakivuma huko nje. Waliimba, wakaomba, wakaikemea. Mwenye sauti kubwa kuliko wote alisema kikulacho ki nguoni mwako, na wote wakaangalia upande mmoja. Kisha akamwambia wifi aje aweke mkono juu ya simu, aseme mbele za Mungu kwamba hahusiki.

Wifi akaja. Akaweka kiganja juu ya simu. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kona, simu yangu imo mfukoni mwa gauni, ukurasa umefunguliwa, kidole gumba kiko juu ya lile neno. Nilijua nikibonyeza simu ya mama italia, na itaandika kwamba akaunti imeondolewa, na wale akina mama watapiga vigelegele mkono wa wifi ukiwa palepale juu yake. Mimi ningekuwa salama maisha yangu yote. Nililifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa mtu aliyebatizwa.

"Ni mimi," nikasema.

Wakageuka.

"Ni mimi nimelogi."

Mama mmoja alishika Biblia yake kwa mikono miwili. Mwingine akasema "Yesu!" kwa sauti ndogo, akasogea mbali nami.

"Si kuroga," nikasema. "Kulogi. Fundi alimaanisha kulogi. Ni imeili. Niliweka imeili yangu siku ile niliileta, nikawa ndani..." Kila nilivyolifafanua ndivyo lilivyozidi kuharibika. Wifi alielewa upesi. Aliutoa mkono kwenye simu na akanitazama.

Mama aliketi kitandani. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga.

"Ulikuwa unaona mahali niko?"

"Ndiyo, Mama."

"Na picha zangu?"

"Ndiyo."

"Na siku ile nilikuja kwa duka yako nikakuambia, ulijua ni wewe?"

"Nilijua."

"Na ukaniacha nikatae chai ya huyu." Alimwonyesha wifi kwa kidevu. "Wiki tatu."

"Mama, huyo fundi hakumaanisha..."

"Fundi alisema ni mtu wa karibu," mama alinikata. "Akasema ananiona bila mimi kumwona, na anamwachia mwingine lawama—" Akasita, akafikiri. "Hapana, hiyo hakusema. Hiyo umeongeza wewe." Kisha akaniuliza, polepole, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Sasa niambie. Mulogi hufanya nini kingine?"

Akina mama wakaanza kukusanya vitambaa vyao vya kichwa na kuaga kwa sauti ya chini. Ndugu yangu aliingia, akamshika mke wake bega, wakatoka wote wawili bila kunigusa mkono. Nilibonyeza lile neno. Simu ya mama ililia juu ya kigoda, na hakuna aliyeiangalia.

Siku hizi mama ana aifoni. Hakuichagua kwa sababu ni bora, alisema tu hataki ile nyingine ndani ya nyumba yake. Wifi ndiye aliyemfungulia akaunti, paswadi mama aliiweka mwenyewe, na amekataa katakata ile ya kuonekana kwenye ramani, hata kwa ndugu yangu. Mteja akiniuliza dukani anunue ipi kati ya hizo mbili, namwambia anunue anayoweza kuichaji. Kwa wifi nilikwenda kuomba msamaha, akanipa chai, nikainywa yote. Bado ananiita senje, ila watoto wasipokuwepo hataji jina lolote.

Na kwa mama napiga kila siku, kama zamani. Naogopa kuuliza, lakini mazoea ni mazoea, huniponyoka kabla hata ya salamu.

"Mama, uko wapi?"

"Wewe niambie," hunijibu, kisha husubiri.